Muziki Uendelee

Kuna watu wanapenda muziki kwa sababu wana furaha. Annastella aliupenda kwa sababu ya woga, na mimi Esther ninayesema hivi nimekaa naye fremu moja ya biashara pale Nshambya, mjini Bukoba, miaka ya kutosha kumjua. Yeye yuko upande wa dirishani na cherehani yake, mimi niko upande wa ukutani na viti vyangu viwili vya kusukia nywele. Kodi tunagawana, kioo ni changu, pasi ni yake, na kelele zote ni zake.

Woga wenyewe una siku yake. Jumamosi ile ya tetemeko, mwaka elfu mbili na kumi na sita, Annastella alikuwa amelala chumbani mchana kwa sababu ya malaria. Nyumba ikatikisika, ukuta ukapasuka kutoka juu hadi chini, sahani zikamwagika. Anasema mtikisiko wenyewe haukumtisha sana, maana hakuelewa ni kitu gani. Kilichomtisha ni kimya kilichofuata. Umeme ulikatika, redio ya jirani ikanyamaza katikati ya wimbo, hakuna kuku aliyelia wala mtoto, na kwa muda ule mfupi aliamini kabisa kwamba Bukoba nzima imekufa na yeye ndiye amebaki. Vilio vilipoanza huko nje, alifurahi kuvisikia. Mtu akikueleza jambo la namna hiyo huna tena haki ya kumgombeza anapoongeza sauti ya redio, ingawa mimi nilimgombeza karibu kila siku.

Tangu hapo hakuweza kukaa pasipo sauti. Alinunua redio ya betri, akagundua kwamba umeme wa mjini ukikatika hata stesheni nyingine hunyamaza. Ndipo binti mmoja aliyekuja kushonewa sketi akamwonyesha kwamba kwenye simu janja unaweza kusikiliza redio za nchi yoyote. Annastella alinieleza ugunduzi wake kwa macho makavu, kama mtu anayeeleza mpango wa vita. Alisema Bukoba inaweza kuanguka, na Mwanza inaweza kuanguka, lakini dunia yote haiwezi kuanguka kwa wakati mmoja, kwa hiyo siku zote kutakuwa na mahali fulani muziki unapigwa. Nilimwambia na bando je, likiisha? Tangu siku ile akawa anaweka bando la akiba, asiloligusa.

Basi tukaanza kuishi na dunia nzima ndani ya fremu ya hatua chache. Simu ilikaa ndani ya sufuria tupu ili sauti ivume. Asubuhi tulikuwa Brazili, mchana Kongo, jioni Kolombia. Bibi harusi mmoja, akiwa kichwani amejaa vibanio vyangu, aliinamisha uso na kufumba macho kwa sababu mtangazaji wa Kireno alikuwa anaongea kwa unyenyekevu mno, akadhani ni sala. Baadaye tuliambiwa lilikuwa tangazo la mafuta ya kupikia. Annastella alijua ni msanii gani wa Lagosi amegombana na nani, ni nani amemwacha nani Dar es Salaam, na tamthilia ipi ya Kikorea imeisha vibaya. Alishona mikono ya gauni kama ya kwenye video iliyotoka juzi, na wasichana wa Nshambya wakawa wanaenda kanisani wamevaa mabega ya watu wa Seoli. Akijua wimbo, aliujua kwa sekunde mbili za kwanza. Kipaji hicho hakikuwa na faida yoyote kwa wakati ule, na mimi nilimwambia hivyo.

Kulikuwa na stesheni moja ya Ayalandi aliyoipenda sana. Kila siku kwa saa ileile mwanamume alisoma majina polepole, na chini yake ukapita muziki laini wa kinanda. Annastella alishona kwa kufuata muziki ule, akitikisa kichwa. Siku moja akaja mwalimu Rahima kusuka, Kiingereza anakijua, akasikiliza kidogo, akauliza kwa nini tunasikiliza matangazo ya vifo vya watu tusiowajua. Annastella alisimamisha cherehani. Alifuta stesheni ile, akaifuta simu yenyewe kwa kitambaa cha maji, na wiki nzima alikuwa akiniuliza kama nadhani kuna ubaya wowote umeingia. Nilimwambia maiti wa Ayalandi hawana nauli ya kufika Nshambya. Hakucheka.

Halafu akapata Redio Ekyoto. Hiyo ni ya mtandaoni tu, inaendeshwa na kijana anaitwa Buberwa, huko Denimaki anakofanya kazi. Ekyoto kwa Kihaya ni jiko la moto pale watu wanapokaa wakiongea, ingawa kuna wasikilizaji wa nje ambao mpaka leo wanadhani ni redio ya Wajapani. Buberwa baba yake ni wa kwetu, lakini yeye amezaliwa na kukulia Dar es Salaam. Kiswahili chake kinateleza, Kihaya chake ni cha kuombea chumvi. Jumamosi alasiri alikuwa na kipindi cha salamu, na ndani yake mchezo wa kutambua wimbo kwa mdundo wa kwanza. Hapo ndipo kipaji cha Annastella kilipata kazi. Alishinda hadi wasikilizaji wa Kanada wakawa wanamtaja: Fundi wa Nshambya yupo leo? Yupo.

Jumamosi alasiri ndiyo saa ya tetemeko. Saa ile Annastella hakuweza kuvumilia hata pumzi moja ya kimya, na mtu akimpigia simu muziki hukatika. Kwa hiyo kila Jumamosi kipindi kikianza aliiweka simu isipokee mtu yeyote mpaka kiishe. Mimi nilijua. Mama yake alijua na alimcheka. Baba yake, Mzee Kahangwa, mkulima wa kahawa na migomba kule Ijumbi wilayani Muleba, alijua na hakucheka. Siku Annastella alipomwekea Redio Ekyoto kwenye simu yake ili naye asikilize, mzee aliishika ile simu mbali na mwili na kuuliza redio isiyo na mlingoti inasimama wapi.

Sasa mwaka jana, mvua za Novemba zilipoanza, mama yake, Ma Joviana, alilazwa hospitali ya Rubya kupasuliwa uvimbe tumboni. Annastella alikwenda, akakaa naye mpaka siku kadhaa baada ya upasuaji, akaona mama anakaa mwenyewe na anadai uji, ndipo akarudi Nshambya siku ya Ijumaa kumalizia nguo za kwaya alizokuwa ameahidi. Alirudi hana rangi. Usiku hakulala, mchana alishona mshono akaufumua. Alikuwa na wazo moja tu kichwani, na alinirudia nalo kila baada ya muda: kwamba ameondoka kando ya kitanda cha mama yake, na kama mama akifa yeye akiwa hapa anashona kola, hatajisamehe. Nilimwambia daktari amesema mama anaendelea vizuri. Akasema hata siku ya tetemeko kulikuwa kumekucha vizuri.

Jumamosi ikafika. Nilikuwa na mteja, namsuka mistari midogo, kazi ya kuumiza vidole. Kipindi kilianza, Annastella akaziba simu kama kawaida yake, nami nikaendelea kusuka. Muziki ulipoingia mabega yakamshuka kidogo. Buberwa akasoma salamu za watu wa Oslo na wa Kigamboni. Kisha akapunguza wimbo uliokuwa unapigwa, na sauti yake ikabadilika.

Alisema ana habari nzito kwa mwenzetu, Fundi wa Nshambya. Alisema ameletewa ujumbe na mzee Kahangwa wa Ijumbi kwamba mama yake Annastella ametutoka leo hii hospitalini Rubya, na kwamba binti aende moja kwa moja nyumbani. Akasema poleni sana wana Ekyoto wote. Akaweka wimbo wa taratibu, wa gitaa moja, usio na maneno.

Mteja wangu alishika kichwa chake kwa mikono miwili. Mimi nilibaki na chanuo hewani. Annastella hakulia. Aliitazama sufuria, akaitazama tu, na midomo yake ikawa inafanya hesabu. Kisha akaitoa simu, na hapo tukaona wote: baba yake alikuwa amempigia. Alikuwa amepiga na kurudia na kurudia tangu kipindi kilipoanza, jina moja limejipanga kutoka juu ya kioo cha simu hadi chini, Tata, Tata, Tata.

Alimpigia. Haipatikani. Akampigia tena. Haipatikani. Sisi sote tunajua sauti ya yule dada wa kampuni ya simu, lakini siku ile nilitamani kumkaba. Annastella alimwandikia Buberwa, na Buberwa, nadhani kwa huruma, akamtumia ujumbe wenyewe kama mzee alivyouandika. Niliusoma juu ya bega lake:

"Mimi Mzee Kahangwa wa Ijumbi. Naomba mumtangazie binti yangu Annastella fundi wa Nshambya. Mama yake ametutoka leo hapa Rubya. Mungu amefanya kazi yake. Aje nyumbani Ijumbi asiende hospitali. Muziki uendelee."

Aje nyumbani, asiende hospitali. Hayo ndiyo yaliyommaliza. Alielewa kwamba mwili umeshatolewa. Mimi nililishangaa lile neno la mwisho, muziki uendelee, lakini nikajiambia mzee ni mtu wa adabu, hakutaka kuharibia watu kipindi. Nilimkabidhi mteja kwa jirani akiwa na nusu ya kichwa, nikafunga fremu, nikamshika Annastella mkono. Mkono ulikuwa wa baridi mpaka kwenye kiwiko.

Tulipata gari dogo linaloelekea Muleba, dereva wake kijana anaitwa Mwesiga, na abiria wengine wawili nyuma. Mwesiga alikuwa na muziki wake, wa kutikisa vioo. Nilimnong'oneza kwamba dada huyu amefiwa na mama, na yeye, kijana mwenye malezi, akauzima mara moja na kuvua kofia. Gari zima likanyamaza. Ilisikika mvua tu na vile vifuta-kioo.

Annastella alianza kuhema. Nilimwona anashika mlango kama mtu anayetaka kuruka. Kimya kile kilimwingia, na nikajua amerudi kwenye kile chumba chenye ukuta uliopasuka.

"Naomba uwashe," alimwambia dereva.

Mwesiga alinitazama mimi kwenye kioo. Mama mmoja wa nyuma akageuza uso dirishani. Mtu aliyefiwa na mama yake anaomba muziki, tena ule wa disko. Najua walichokuwa wanafikiri, na kesho yake kingekuwa kimefika Kemondo na Muhutwe. Nilisema kwa sauti ya ukali, awashe, gari ni lake lakini msiba ni wetu. Akauwasha, kidogokidogo, na tukaenda hivyo kwenye mvua na wimbo wa kijana anayejisifia viatu vyake, na Annastella akautikisia kichwa huku machozi yanamdondoka kidevuni. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa kile kichwa kinavyotikisika.

Simu yake iliendelea kuingiza pole. Pole kutoka Kanada, pole kutoka Arusha, pole kutoka kwa mtu anayejiita Mfalme wa Rumba. Kila ilipolia alishtuka akidhani ni baba yake. Tulipoacha barabara kuu na kuanza kupanda vilima vya Kamachumu mtandao ukawa unakuja na kuondoka, na kila ulipoondoka alishika mkono wangu. Aliniuliza kama mama aliita jina lake. Aliniuliza kama mtu akifa anasikia simu inavyoita pasipo kupokewa. Nilikuwa nawaza moyoni mwangu jambo ambalo sikulisema: kwamba mzee alipiga simu mara zote zile mama akiwa bado anapumua, na kwamba Annastella nitaishi naye fremu moja na jambo hilo mpaka tuzeeke.

Pale Nshamba, ile ya Muleba, si Nshambya yetu, tulishuka, tukachukua bodaboda hadi Ijumbi, watu watatu kwenye pikipiki moja, mvua imeacha matone madogo. Tulipokaribia kibanja chao cha migomba niliona mwanamume anaingia njia ya nyumbani kwao na mkungu wa ndizi kichwani. Nyuma yake mwanamke na kuni. Annastella aliwaona pia. Aligonga mgongo wa dereva asimame, akashuka, lakini hakutembea. Alisimama katikati ya njia, migomba imetuziba pande zote, akasema hasikii kilio.

Kweli hakukuwa na kilio. Msiba wa kwetu unasikika kabla ya kuuona. Nilimwambia labda mwili haujafika, labda bado wanamsubiri yeye. Nilisema hivyo ili kumsaidia, na nikaona nimemchoma. Tulikwenda tumeshikana, naye anatembea kwa kuvuta miguu, na kimya kile kinazidi kadiri tunavyosogea.

Uani kulikuwa na wanaume kwenye benchi, wanatafuna punje za kahawa. Waliinua macho na kutusalimia kwa sauti ya chini. Mlango ulikuwa wazi, na ndani, sakafuni, niliona nyasi mpya zimetandikwa. Nyasi mpya kwetu hutandikwa kwa mgeni wa heshima, na kwa sherehe, na kwa msiba. Annastella aliziona nyasi zile, na ndipo sauti ikamtoka. Alilia kilio ambacho njia nzima alikuwa amekizuia, akaanguka magoti palepale uani kwenye tope, akimwita mama yake, Mae, Mae.

Wanaume wa benchi walisimama wote. Kutoka ndani, ikaja sauti ya mwanamke, imechoka lakini ina hasira kidogo.

"Nani huyo anayelia kwangu?"

Ningependa kusema kwamba Annastella aliruka kwa furaha. Hakuruka. Alirudi nyuma kwa magoti na viganja, kama mtu aliyeona nyoka, macho yamemtoka, akanishika gauni akakaribia kunivua. Mimi mwenyewe nilikwishageuka nusu, nalikadiria lile lango. Mimi ni Mlutheri, mizimu siiamini, ila sauti ile niliisikia kwa masikio yangu.

Mzee Kahangwa akatokea mlangoni na kikombe cha uji mkononi. Alimwona mwanawe kwenye tope, akaniona mimi, akawaona watu wamesimama. Aliuliza kuna nini, nani amekufa. Kila mtu alikuwa anamtazama yeye atuambie.

Tulimwinua Annastella na kumwingiza ndani, naye anakataa na anakwenda. Ma Joviana alikuwa ameegemea mito sebuleni, amefunikwa blanketi la hospitali la maua, uso umekonda, macho mazima. Annastella alimgusa kwanza mguu, juu ya blanketi. Kisha mkono. Kisha akaweka kiganja mbele ya pua yake, kuona kama anapumua, na mama yake akakipiga kibao.

Ilichukua muda kueleweka. Mimi ndiye niliyeitoa simu ya Annastella na kuusoma ule ujumbe mbele ya watu wote. Nilipofika kwenye ametutoka, mwanamke aliyeleta kuni alijishika mdomo. Mzee Kahangwa aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasema sawa, ndivyo alivyoandika, kosa liko wapi?

Nilimweleza kwamba kwa Kiswahili mgonjwa anayeruhusiwa tunasema ametoka. Ukisema ametutoka, umezika. Nilimweleza kwa upole kadiri ninavyoweza, na upole wangu si mwingi. Mzee alisoma darasa la nne, na maisha yake yote anawaza kwa Kihaya na kuandika kwa Kiswahili. Alikaa chini kwenye nyasi.

"Nimesema ametutoka," alisema, "kwa sababu tulikuwa tumelala pale sote. Mimi chini ya kitanda, dada yake kwenye benchi, wewe huko Nshambya najua hulali. Sote tulikuwa tumelazwa. Alipotoka yeye, ametutoa na sisi."

Annastella alimuuliza, kwa sauti ndogo kabisa, kwa nini basi jambo kubwa hivyo akalipeleka redioni kwa watu, badala ya kumwambia yeye. Mzee alijibu pasipo hasira, na nadhani ingekuwa afadhali angekasirika.

"Nimekupigia mpaka simu yangu ikabaki na moto kidogo wa betri. Nikasema, simu ya mwanangu haipokei watu, inapokea redio. Basi nikaenda redioni, na moto ukaishia huko. Nilijua huko ndiko utasikia."

Annastella aliinamisha kichwa kwenye blanketi. Kumbe mzee alikuwa anaisikiliza Redio Ekyoto tangu siku alipowekewa, kila Jumamosi, akiwa peke yake kwenye kilima cha nyuma ya nyumba, akingoja kusikia binti yake akitajwa. Ile muziki uendelee aliichukua kwa Buberwa mwenyewe, ambaye hufungia kila salamu kwa maneno hayo. Alidhani ndivyo redio inavyoandikiwa.

Buberwa tulimwandikia kwenye kilima hichohicho, ndipo palipo na mtandao. Alitangaza upya, akaomba radhi kwa maneno mengi na kupiga wimbo wa kusherehekea, na wale wa Kanada wakatuma furaha yao. Hayo yote Ma Joviana alisimuliwa. Alisikiliza kwa makini, hasa pale alipokuwa amekufa. Alitaka kujua waliosema pole walikuwa wangapi na ni wa nchi zipi, na akaridhika. Kisha akauliza kijana yule alimpigia wimbo gani.

Annastella akasema ni gitaa tu, mama, halina maneno. Ma Joviana akasema aupige ausikie. Tulimsihi, akakataa kusihika. Annastella alirudi kilimani kuupakua, akaja kuupiga, simu imewekwa kwenye sufuria ya uji, na mgonjwa akausikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho. Mimi nilikuwa nimebana pumzi, na nikaona kila mtu sebuleni amebana ya kwake, tunatazama lile blanketi kama linapanda na kushuka.

"Si mbaya," alisema Ma Joviana. "Lakini si wangu. Anna, wewe unajua nyimbo za dunia yote. Siku yenyewe ikifika, usimwachie huyo kijana achague. Nichagulie wewe, na uwe mzuri kuliko zote ulizozisikia."

Alisema hivyo kama anayeagiza gauni, akaomba uji.

Mama ni mzima mpaka ninaposimulia haya, anatembea na fimbo, anawagombeza wachuma kahawa. Sisi tumerudi fremuni, mimi na viti vyangu, yeye na cherehani yake, na redio bado inalia ndani ya sufuria kuanzia asubuhi. Simu haizibi tena. Jumamosi ikiita katikati ya wimbo muziki unakatika, kinaingia kile kimya kidogo kabla hajapokea, na mimi nasimama na nywele za mtu mkononi mpaka nisikie amesalimia na ameitikiwa.

Kitu kingine nilikigundua polepole. Zamani wimbo mpya ukimnasa alikuwa anaongeza sauti mpaka nagomba. Siku hizi anasikiliza mwanzo wake kwa tahadhari, kichwa ameinamisha pembeni. Ukiwa wa kawaida, anauacha ulie. Ukiwa mzuri, nauona uso wake unabadilika, kama anayeogopa kuupata ule alioagizwa na mama yake, mguu unaacha kukanyaga cherehani, na mkono unakwenda kwenye sufuria. Anaupunguza sauti. Ukizidi kuwa mzuri, anauzima kabisa kabla haujaisha, na tunakaa hivyo kimya, yeye na mimi, mpaka apate ujasiri wa kutafuta stesheni nyingine.